Neno la Kiingereza "traffic": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sekondari, madereva wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nje, watafsiri, na watu wanaotaka tu kumwandikia bosi kwamba wamechelewa. Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa maswali mengine humalizika kwa sentensi mbili.

Traffic si ndiyo foleni?

Hapana, ingawa karibu kila mtu huanzia hapo. Traffic ni magari, pikipiki, baiskeli na hata watembea kwa miguu wanaopita njia fulani, wawe wanakwenda au wamekwama. Barabara ya Morogoro saa tisa usiku, kukiwa na malori mawili na bodaboda moja, ina traffic. Mwingereza ataiita "light traffic". Barabara hiyohiyo saa kumi na mbili jioni, magari yakiwa pua kwa mkia kuanzia Ubungo hadi Kimara, ataiita "heavy traffic". Foleni ni hali mojawapo tu ambayo traffic inaweza kuifikia.

Ndiyo maana ukisikiliza redio ya London asubuhi utasikia "Traffic is moving well", na mtangazaji hatanii. Ukiifasiri "foleni inakwenda vizuri" utakuwa umemwekea maneno yasiyo yake. Alichosema ni kwamba magari yanapita bila shida. Ukitaka kujipima, weka "magari yanayopita" mahali pa traffic. Sentensi ikisimama, umeelewa.

Kinachotuchanganya ni kwamba Waingereza na Wamarekani wenyewe hulegeza neno wanapoongea. Mtu anaingia kikaoni anahema: "Sorry, traffic!" Au anasema "We hit traffic", yaani tulikutana na msongamano njiani. Hapo kweli anamaanisha foleni. Lakini huo ni ufupisho wa mdomoni unaotegemea kwamba msikilizaji amekwisha kuelewa. Kwenye barua au mtihani, foleni iite "traffic jam".

Basi kwa Kiswahili nilifasiri vipi?

Hakuna neno moja, na anayekupa moja anakudanganya. "Watch out for traffic" ni "angalia magari". "Traffic was stopped for the President" ni "magari yalisimamishwa kupisha msafara wa Rais". "Traffic on the bridge has doubled" ni "idadi ya vyombo vinavyopita darajani imeongezeka maradufu". "Traffic congestion" ni "msongamano wa magari". Mara nyingi neno "magari" linatosha kabisa, na watafsiri wengi huliogopa kwa sababu linaonekana jepesi mno. Msiliogope.

Kwenye sheria na ofisi za serikali tunaacha kufuata neno na kufuata kusudi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1973 inayoitwa kwa Kiingereza "Road Traffic Act" kwa Kiswahili ni Sheria ya Usalama Barabarani, na askari wake wako Kikosi cha Usalama Barabarani. "Traffic offence" basi ni kosa la usalama barabarani.

Nikisema "The traffic took my licence", nitaeleweka?

Dar es Salaam utaeleweka na kila mtu. Manchester watajiuliza magari yamechukuaje leseni.

Kosa hili ni la Watanzania hasa. Kwetu trafiki ni mtu: askari mwenye sare nyeupe anayekusimamisha, anazunguka gari, anakagua bima, anauliza kizima moto kiko wapi. "Trafiki kanipiga mkono." "Pale mbele kuna matrafiki." Neno limeingia kwenye ngeli ya watu na limetulia humo kwa raha zake. Kiingereza hakina matumizi hayo. Sema "a traffic officer stopped me" au "the traffic police stopped me". Uingereza watu husema "the police" basi, maana huko neno la karibu, "traffic warden", ni la mtu anayeandika faini za maegesho, na haendi kumkimbiza dereva yeyote.

Wakenya wana shida ya upande wa pili. Nairobi "niko kwa traffic" ni kukwama, wala hakuna askari anayehusika. Kwa hiyo Mtanzania na Mkenya wakiandikiana "nimekutana na trafiki Mombasa Road", mmoja anamwonea mwenzake huruma kwa sababu ya faini, mwingine kwa sababu ya muda. Kiingereza chenyewe kiko katikati yao wote wawili: magari yanayopita, bila sare na bila lazima ya kukwama.

Je, lina wingi? Naweza kuandika "traffics" au "a traffic"?

Usiandike, lolote kati ya hayo. Traffic ni nomino isiyohesabika, kama "water" au "money". Hivyo:

"There is a lot of traffic today", si "there are many traffics".
"The traffic is terrible", si "the traffic are terrible", hata kama magari ni elfu moja.
"How much traffic was there?", si "how many".

Unachoweza kuhesabu ni "traffic jam". Hiyo inakubali "a", inakubali "two", inakubali s mwishoni. Hapa ndipo watunga mitihani hupenda kutega: wanakupa "jam" kwenye swali moja na "traffic" pekee kwenye linalofuata.

Iko sehemu moja ambapo "a traffic in" huonekana kwenye vitabu, mfano "a traffic in ivory", yaani biashara ya pembe za ndovu. Hayo ni matumizi ya ile maana ya kale ya biashara, tutaifikia chini. Mwanafunzi aiache.

Kwa nini ni "heavy traffic" na si "big traffic"?

Kiingereza kimezoea uzito hapo, kama kilivyozoea "heavy rain". Sisi tunasema mvua kubwa na foleni kubwa, wao vyote viwili ni vizito. Kinyume chake ni "light", na wakati mwingine "thin". Unaweza pia kusema "bad traffic" na "slow traffic". "Big traffic" na "high traffic" barabarani hazisikiki sawa, isipokuwa "high-traffic area", ambayo ni mahali panapopitwa na watu wengi. Utaikuta imeandikwa kwenye zulia au vigae vya sakafu dukani, na haihusiani na gari lolote.

Kuhusu kihusishi: "stuck in traffic", "caught in traffic", "sitting in traffic". Ni "in", bila "the". Usiandike "stuck by traffic" wala "stuck at traffic".

Jam, congestion, gridlock, tailback: ni kitu kimoja?

Ni ndugu, si mapacha. "Congestion" ni neno la wataalamu na magazeti. London ina "congestion charge", ada ya kuingiza gari katikati ya jiji, tangu 2003. "Tailback" ni la Kiingereza cha Uingereza, ni mstari mrefu wa magari nyuma ya kizuizi, na hutajwa pamoja na urefu: "a three-mile tailback". "Bottleneck" si foleni yenyewe, ni pale njia inapobana, kwa mfano njia tatu zinapokuwa moja.

"Gridlock" ndiyo mbaya kuliko zote. Ni pale magari yanapoziba makutano kiasi kwamba hata taa ikiwa ya kijani hakuna wa kusogea, kwa kuwa anayekuzuia naye amezuiwa na mwingine, na huyo na mwingine, mpaka mnyororo unarudi kwako. Neno lilivuma New York mwaka 1980, wakati wa mgomo wa usafiri wa umma, na mhandisi wa jiji Sam Schwartz ndiye anayetajwa sana kwa kulieneza. Aliyewahi kuona kila dereva kajiingiza katikati ya makutano mvua ikinyesha hahitaji kufafanuliwa.

Afrika nako kuna Kiingereza cha kwetu. Nigeria foleni ni "go-slow". Kenya na Uganda ni "jam" tupu. Ukienda Afrika Kusini ukaambiwa "turn left at the robot", usitafute mashine yenye mikono. Ni taa za barabarani.

Na foleni yenyewe, kwa anayependa kujua, ni Kiingereza kilichovaa kanzu: inatokana na amri ya kijeshi "fall in", jipangeni mstari.

"Traffic light" au "traffic lights"?

Waingereza husema "traffic lights" au "the lights", kwa wingi, kama sisi tunavyosema mataa. Makutano ya Ubungo yaliitwa Ubungo Mataa kwa mtindo huohuo, miaka mingi kabla ya barabara za juu kufunguliwa mwaka 2021. Wamarekani husema "traffic light" kwa umoja, au "stoplight", au "the light" basi.

Taa ya kwanza ya aina hii iliwekwa London, karibu na Bunge, Desemba 1868. Ilikuwa ya gesi, ikiongozwa na polisi kwa mkono, na mwezi uliofuata ililipuka ikamjeruhi polisi aliyekuwa zamu. Zingatia mwaka: gari la petroli lilikuwa bado halijazaliwa. Iliyokuwa ikiongozwa ni mikokoteni na magari ya farasi, na hayo nayo yalikwisha kuitwa traffic. Kwa hiyo anayesema neno hili lilikuja na magari ya injini amekosea kwa miaka mingi.

Roundabout, keepi lefti na "traffic circle" zinahusianaje?

Ni kitu kilekile chenye majina matatu. Sisi tulisoma kibao kilichosema "keep left" tukadhani ndilo jina la mahali, tukapata kipilefti. Ukimwelekeza dereva wa teksi London "go to the keep left", ataendelea kukaa kushoto kama alivyokaa tangu asubuhi. Uingereza sema "roundabout". Marekani "traffic circle" inaeleweka, na "roundabout" pia sasa.

Mengine ya ukoo huu: "traffic island" ni kile kisiwa cha zege katikati ya barabara, "traffic cone" ni koni, na "traffic calming" ni jina la heshima la matuta na vitu vingine vya kupunguza mwendo.

Neno hili lilitoka wapi hata likagusa dawa za kulevya na watu?

Swali limegeuzwa. Biashara ndiyo iliyotangulia, barabara imekuja nyuma.

Kiingereza kililipata neno hili karne ya 16, kupitia Kifaransa na Kiitaliano, lugha za wafanyabiashara wa Mediterania. Traffic ilikuwa kununua na kuuza, hasa bidhaa zinazosafiri kutoka nchi hadi nchi. Haikuwa na ubaya. Kutoka hapo ikapanuka kuwa shughuli yoyote ya kupeana na kupokezana. Shakespeare, katika utangulizi wa "Romeo and Juliet", anaita mchezo mzima "the two hours' traffic of our stage", shughuli ya saa mbili jukwaani kwetu. Karne ya 19 ndipo macho yalipohama kutoka kwenye bidhaa hadi kwenye vyombo vinavyozibeba, na traffic ikawa ile tunayoijua.

Maana ya biashara haikufa, ila iliharibika jina. Leo mtu anayeuza mchele ni "trader". Anayeuza heroini ni "trafficker". Ukimwita mfanyabiashara halali "trafficker" umemtukana, na huenda akakushtaki. Kitenzi nacho huja na "in": "to traffic in weapons", hata "to traffic in rumours" kwa mtu ambaye kazi yake ni kusambaza uvumi.

Human trafficking na human smuggling: tofauti ni nini?

Hili lina uzito kuliko mengine yote hapa, maana kulikosea kunaweza kumfanya mwathirika ashtakiwe kama mhalifu.

"Smuggling" ni kumvusha mtu mpaka kinyume cha sheria, kwa kawaida kwa ridhaa yake na kwa malipo. Kijana analipa avushwe, anavushwa, wanaachana. Kosa ni dhidi ya nchi ambayo mpaka wake umevunjwa. Kiswahili cha kawaida kinasema kuvusha watu kimagendo.

"Trafficking" ni kumtumikisha mtu. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2000, inatazama mambo matatu: kitendo, kama kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea, njia, kama nguvu, vitisho au ulaghai, na lengo, ambalo ni kumnyonya, iwe kwa kazi za lazima, ukahaba au viungo vya mwili. Aliye chini ya miaka 18 akishafanyiwa kitendo kwa lengo hilo, njia haiulizwi tena. Dada anayeahidiwa kazi ya nyumbani Muscat kwa mshahara mzuri, akapanda ndege mwenyewe kwa pasipoti halali na viza halali, kisha akafika akanyang'anywa pasipoti na kufanyishwa kazi bila malipo wala ruhusa ya kutoka, huyo hajavushwa kimagendo hata kidogo. Karatasi zake zote ni safi. Lakini ametendewa "trafficking".

Tena angalia kwamba orodha ya vitendo haidai safari. Mtoto anaweza kuwa mwathirika nyumba ya tatu kutoka kwao. Hapa ndipo tafsiri yetu ya "usafirishaji haramu wa binadamu" inapotuponza: msomaji anasikia usafirishaji, anatafuta basi, boti au mpaka, asipoviona anaona hakuna kosa. Kiingereza kilichukua neno kutoka upande wa biashara, si upande wa barabara. Kwa maoni yangu "biashara haramu ya binadamu" inakaribia zaidi, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 angalau inayaweka maneno yote mawili, biashara na usafirishaji, kwenye jina lake.

Kenya hupenda "ulanguzi wa binadamu" na "ulanguzi wa dawa za kulevya". Ni fupi na ni kali, lakini Mtanzania wa makamo akisikia mlanguzi, yaani mtu aliyeficha bidhaa adimu ili aziuze kwa bei ya kuruka, anakumbuka mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi na sabuni zilizofichwa chini ya kitanda. Ukiandikia wasomaji wa pande zote mbili, zingatia hilo.

Kwa nini "trafficking" ina k na "traffic" haina?

Ili c isisomeke kama s mbele ya i na e. Ni sawa na "panic" na "panicking", "picnic" na "picnicked". Neno lenyewe huandikwa kwa f mbili na c moja.

Hutamkwaje?

Mkazo uko silabi ya kwanza: TRA-fik. Sisi huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, tra-FI-ki, na tabia hiyo hutufuata hadi kwenye Kiingereza. Kata irabu ya mwisho, sukuma mkazo mbele.

Natokea Bukavu, nimesoma kwa Kifaransa. Nijihadhari na nini?

Na "circulation". Kwa Kifaransa ndiyo magari barabarani, lakini kwa Kiingereza ni mzunguko wa damu, wa fedha, au idadi ya nakala za gazeti. Polisi wako wa circulation huku ni "traffic police". Pia "trafic d'influence", yaani kuuza ushawishi wako kwa wenye madaraka, haiwi "traffic of influence". Kiingereza kinasema "influence peddling". Faida uliyo nayo ni kwamba Kifaransa kimekuzoesha "trafic" kuwa na harufu ya magendo, kwa hiyo sehemu ya biashara haramu haitakushangaza.

Marubani nao wanasema "traffic". Wanaona foleni angani?

Wanaona ndege nyingine. Katika lugha ya anga, traffic inaweza kuwa ndege moja tu. Mwongozaji akiwa mnarani anamwambia rubani "Traffic, two o'clock, five miles", maana yake kuna ndege upande wake wa kulia mbele, pale ilipo namba 2 kwenye uso wa saa ya ukutani, umbali wa maili tano za anga. Rubani akiiona anajibu "Traffic in sight". Ndege kubwa zina mtambo unaotamka wenyewe "Traffic, traffic" ndege nyingine ikisogea karibu mno. Kwa matumizi haya haina "a" wala wingi, kanuni ileile ya barabarani.

Na "website traffic"?

Ni watembeleaji na mizigo ya data inayopita. Mwenye tovuti akisema "I need more traffic" anataka wasomaji, na hapa ni mahali adimu ambapo mtu anaomba traffic iongezeke kwa furaha. Dukani ni vivyo hivyo: "foot traffic" ni watu wanaopita mlangoni.

Upande wa mawasiliano neno ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1909 A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za jinsi simu zinavyoingia kwenye ubao wa kuunganishia, ili ijulikane laini ngapi zinatosha. Kipimo cha traffic ya simu huitwa erlang mpaka leo, na hesabu za foleni zinazotumika benki na hospitali zina mizizi hapo.

"What the traffic will bear" ni nini?

Ni msemo wa Marekani wa kupanga bei: kutoza kiasi cha juu kabisa ambacho mteja atakivumilia kabla hajaondoka. Ulitoka kwenye reli za karne ya 19 na nauli zake za mizigo. Bodaboda wakati wa mvua wanaufuata bila kuusoma popote.

Nimechelewa kazini. Niandike nini hasa?

"I'm stuck in traffic at Tazara. I should be in by 8:40." Inatosha. Ukifika unasema "Sorry I'm late, the traffic was bad." Usiandike "because of traffics", usiandike "there is a big traffic", wala "I am in a foleni" hata kama bosi ni Mtanzania mwenzako. Kama kilichokuchelewesha ni askari, andika "I was stopped by the traffic police", maana ukiandika "traffic" tupu bosi mgeni ataelewa magari. Na saa iandike kwa hesabu ya Kiingereza: hiyo 8:40 ni saa mbili na dakika arobaini kwetu, na wapo waliowahi kuandika 2:40 wakasubiriwa mchana.